Kutoka Muthangari hadi Westlands kwa Njia ya Ulaya

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino, na Injinia Mkuu akanipandisha juu ya paa.

Kampuni yetu ilikuwa na ghorofa ya tatu ya jengo moja nyuma ya Biashara Street, juu ya duka la vitambaa. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha elektroniki, binti wa Waithaka asiyejua mji zaidi ya soko na maktaba. Injinia Mkuu alikuwa mwembamba, mrefu, mzaliwa wa upande wa Kakamega, na alifunga tai hata akiwa ameshika spana. Alinitangulia kwenye ngazi ya chuma bila kugeuka nyuma kuangalia kama nafuata. Juu kule kulikuwa na dishi la setilaiti lenye upana wa chumba cha kulala, limeelekezwa mawinguni.

"Linaangalia nini?" akaniuliza.

"Setilaiti, bwana."

"Iko mbali kiasi gani?"

Nikasema sijui. Hakunicheka. "Kilomita elfu thelathini na sita," akasema. "Kupanda tu. Bado hujashuka. Ukilijua hilo, mengine nitakufundisha."

Tuliporudi chini alinikalisha kwenye kompyuta, akaniambia nimwandikie karani wetu barua pepe. Karani alikaa upande wa pili wa ukuta wa mbao. Nilikuwa namsikia akipiga chafya. Nikaandika salamu, nikatuma, tukangoja. Baada ya kitambo karani akaita kwa sauti, "Imefika!" Injinia Mkuu akanieleza kwamba salamu yangu ilikuwa imepanda hadi setilaiti, ikashuka Amerika ilikokuwa seva ya barua zetu, kisha ikapanda tena na kushuka tena kwenye paa letu, ili kumfikia mtu ambaye ningeweza kumpokeza karatasi mkononi. Aliyasema hayo bila tabasamu.

Kwa ninyi mlioingia kazi hii majuzi, nieleze maneno mawili. Seva ni kompyuta kama nyingine, ila haizimwi. Kazi yake ni kutunza kurasa na kumpa kila anayeziomba. Na kupiga ping ni kuita mashine iliyo mbali kwa ujumbe mdogo, kisha kupima muda hadi iitikie. Mimi nilianza kwa kupiga ping. Mwaka wangu wa kwanza wote nilipiga ping asubuhi, mchana na jioni, nikaandika majibu katika daftari la mistari. Kupitia setilaiti, mwito ulichukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, hata mtambo uwe mpya namna gani. Mwanga na mawimbi yana mwendo wake, na hakuna mkubwa wa kampuni anayeweza kuyaongezea posho yakimbie zaidi.

Baadaye nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa, na dishi letu likateremshwa. Nilihamishiwa ofisi ya Westlands nikiwa msimamizi wa seva, na huko ndiko nilikokaa miaka yangu mingi. Tulikuwa na chumba chenye baridi kali, makabati ya mashine kutoka sakafuni hadi darini, na mimi na sweta langu. Hata hivyo wateja wetu wengi hawakuweka tovuti zao kwetu. Waliziweka Amerika. Sikuwalaumu. Stima ya Nairobi ilikatika ilipotaka, na kule ng'ambo haikukatika.

Wala sikuwa mtu wa kusema kila kitu kirudishwe nyumbani. Mwenye hoteli mmoja wa watalii alikuja kwetu akitaka tovuti yake ihamie Nairobi kwa sababu, alisema, yeye ni mzalendo. Nilimuuliza wageni wake huandika maombi ya vyumba kutoka wapi. Akasema Ulaya, karibu wote. Nikamwambia aiache hukohuko. Injinia Mkuu alipopata habari kwamba nimemrudisha mteja aliyekuja mwenyewe mlangoni, aliniita.

"Umefanya nini, Nyambura?"

"Wageni wake wako Ulaya, bwana. Ningewahamishia kurasa mbali nao."

"Sawa," akasema, na huo ndio uliokuwa upeo wa sifa zake.

Basi sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike kumbukumbu hizi.

Muthangari kulikuwa na shirika dogo la magari ya wagonjwa. Lilihudumia upande wote wa magharibi wa mji, kutoka Waithaka hadi Kitisuru. Wapokeaji wa simu walikuwa na ukurasa walioutazama kutwa nzima; waliuita ubao. Ubao ulionyesha kila gari liko wapi na kama liko huru. Ukipokea simu, unachagua gari kwenye ubao, unabonyeza, na dereva anapata anwani kwenye simu yake. Seva ya ubao huo ilikuwa Amerika, lakini sisi ndio tuliousimamia.

Walilalamika kwamba ubao ni mzito. Kampuni yetu ikawashauri waongeze ukubwa wa laini ya intaneti pale ofisini kwao. Wakaongeza. Wakalalamika tena. Tukawashauri vilevile, nao wakaongeza tena. Barua ya tatu iliandikwa na Mama Mkurugenzi mwenyewe, matroni mstaafu wa hospitali, na ilikuwa na mstari mmoja: "Safari hii tuleteeni mtu." Injinia Mkuu akanituma mimi.

Nilikalishwa karibu na mpokeaji simu mkuu, Akinyi, mwanamke wa makamo kutoka Siaya aliyekuwa muuguzi kabla ya mgongo kumkatalia kuinua wagonjwa. Alinisogezea kiti kwa mguu bila kuondoa mkono kwenye kibodi ya kompyuta.

"Karibu, dada. Hesabu na mimi."

Akabonyeza ubao ujifungue upya. Tulihesabu pamoja, kwa sauti, kama watoto wa chekechea. Tulifika kumi ndipo ubao ukatokea.

"Sasa hiyo ni siku nzuri," akasema. "Na kila nikibonyeza, ni hivyo. Mtu ananililia kwa simu, na mimi naambia yeye ngoja kidogo, ngoja kidogo."

Ilikuwa yapata saa nne asubuhi simu ilipoita. Nilisikia sauti ya mwanamke ikivuja kwenye vipokea sauti vya masikioni vya Akinyi: mume wake hawezi kupumua, wako Waithaka, karibu na shule. Akinyi alikuwa mtulivu sana. Alimwambia amketishe mumewe, amfungue vifungo vya shati, asikate simu. Macho yake yalikuwa kwenye ubao. Ubao ulionyesha gari la nne liko huru, limeegeshwa Kawangware, dakika chache kutoka pale. Akalichagua, akabonyeza. Tukangoja.

Kabla ubao haujajibu, redio iliyokuwa mezani ikakoroma. Alikuwa dereva wa gari la nne.

"Sasa mnanipeleka wapi? Nimepita Westlands, naenda Kitisuru kwa yule mjenzi ameanguka. Nimeletewa ingine ya Waithaka!"

Mwenzake Akinyi, meza ya pili, alikuwa amelituma gari lilelile Kitisuru. Alibonyeza, nao ubao wake ukabadilika. Ubao wa Akinyi ulikuwa haujabadilika, kwa kuwa haubadiliki hadi uufungue upya, na kwa ule uzito hawakuufungua upya ila kwa nadra. Wote wawili waliona gari huru, na lilikuwa gari moja. Akinyi alitupa kipanya, akaanza kuita magari mengine kwa redio, moja baada ya jingine, kama ilivyofanywa zamani. Lililopatikana lilikuwa mbali. Lilifika Waithaka, likamchukua mgonjwa, na akafia njiani.

Akinyi alivua vipokea sauti, akaviweka juu ya meza polepole.

Sitasema ukurasa ulimuua mtu yule. Daktari angesema ni moyo, na huenda hata gari la karibu lisingemwokoa. Lakini Jumapili iliyofuata, nikiwa kanisani kwetu Waithaka, katibu alisoma tangazo la mazishi, nikalitambua jina nililomwona Akinyi akiliandika. Alikuwa fundi wa viatu. Alishawahi kunishonea visigino. Mjane wake alikaa viti vitatu mbele yangu, na ibada yote niliangalia mgongo wake.

Jumatatu nilifungua ubao na kuupekua ndani. Ukurasa haufiki wote kwa pamoja. Kompyuta yako huomba kwanza fremu, kisha ndani ya fremu inakuta inahitaji picha, ramani, orodha, rangi, na kila kimoja huombwa peke yake, na mara nyingi ni lazima kilichotangulia kifike kwanza. Nilihesabu maombi arobaini, yakifuatana kama watu kwenye foleni. Nikapiga ping hadi seva kule Amerika: robo sekunde kwenda na kurudi. Robo sekunde ni kufumba na kufumbua. Lakini izidishe mara arobaini, na unapata ile kumi niliyoihesabu na Akinyi.

Nilipeleka karatasi kwa Injinia Mkuu.

"Laini kubwa haitasaidia hata wakiongeza mara mia," nikamwambia. "Tuilete seva hapa."

"Hapa wapi?"

"Westlands. Chumba chetu."

"Na stima ikikatika, mgonjwa atamlaumu nani?"

Lilikuwa swali la haki, na nililitarajia. Nilisema tutaweka betri, tutaweka jenereta, na nakala ya ubao ibaki palepale Amerika. Yetu ikizimika, ile ichukue zamu. Ubao mzito ni afadhali kuliko kukosa ubao. Alisoma karatasi mara mbili.

"Nenda ukamweleze Mama Mkurugenzi mwenyewe," akasema. "Mimi sitaki jina langu hapo."

Mama Mkurugenzi aliitisha kamati nyumbani kwake Kitisuru, kwenye meza ndefu ya kulia, chai ikiwa imekwisha kumiminwa. Walikuwa watu wazima, wenye heshima, na hakuna aliyejua ping. Mzee mmoja akauliza kwa nini laini kubwa mbili walizonunua hazikusaidia. Niliwaeleza nilivyojua. Tulipokuwa watoto Waithaka tulichota maji kijitoni, chini ya mteremko. Mama akikupa mtungi mdogo, unaleta maji kidogo. Akikupa mkubwa, unaleta mengi. Lakini ukitaka kijiko kimoja tu cha maji, mtungi mkubwa haukusogezei kijito. Na ubao wenu, nikasema, unataka vijiko arobaini, kimoja kimoja.

Mama Mkurugenzi alikuwa ananitazama juu ya miwani.

"Na ukiwa umekosea?"

"Nitarudi hapahapa kukueleza, Mama."

"Haya. Leta hicho kijito."

Tulihamisha ubao kwa wiki mbili. Asubuhi ya kuujaribu niliketi tena karibu na Akinyi, nimevaa nguo ya Jumapili. Seva ilikuwa Westlands. Kutoka pale Muthangari ungeweza kwenda kwa miguu na kurudi kabla chai ya saa nne haijapoa. Akinyi akabonyeza. Nikahesabu moyoni. Nilipita kumi. Ubao ulifunguka kwenye kumi na mbili.

Akinyi aligeuka akaniangalia. "Dada, mmehamisha kweli?"

"Tumehamisha."

"Basi mmeipeleka mbali zaidi."

Aibu ile siwezi kuieleza. Jioni Mama Mkurugenzi alinipigia simu, sauti yake baridi kama chumba changu cha seva. "Uliahidi kurudi kueleza. Nakungoja." Nikamwomba siku chache. Akanipa wiki.

Kuna kipimo kingine tunakiita kufuata nyayo. Badala ya kupima muda tu, unaiambia kila mashine iliyo njiani ijitaje jina, upate kujua ujumbe wako umepitia wapi. Nilikifanya nikiwa nimeketi kwenye meza ya Akinyi. Mashine ya kwanza ilikuwa Muthangari. Ya pili katikati ya mji. Ya tatu Mombasa. Kisha majina yakawa ya Ulaya, moja, mbili, tatu. Kisha Mombasa tena. Kisha Westlands, chumbani kwangu.

Niliutazama mstari ule hadi Akinyi akaniuliza kama naumwa. Maombi yake yalikuwa yanatoka Muthangari, yanapita chini ya bahari hadi Ulaya, yanageuka, yanarudi chini ya bahari ileile, ili kufika Westlands. Mara arobaini.

Sababu ilikuwa hii. Laini ya intaneti ya ofisi ya Akinyi haikuwa yetu. Ilikuwa ya kampuni nyingine, washindani wetu. Mjini kuna kituo cha kubadilishana, chumba ambamo kampuni za intaneti huunganisha nyaya zao, ili ujumbe wa mteja wa huyu umfikie mteja wa yule bila kutoka nchini. Sisi tulikuwa na mitambo pale. Wao pia. Lakini kati yetu na wao hapakuwa na waya, na nilisadiki kwamba wao ndio waliouondoa. Kwa hiyo mahali pa karibu ambapo sisi na wao tulikutana palikuwa Ulaya.

Nilikimbilia kwa Injinia Mkuu na jibu langu. Alikunja uso.

"Wale watu hatuongei nao," akasema.

"Ni waya mmoja, bwana."

"Ukienda kwao kuomba, usirudi hapa."

Nilikuwa na watoto wawili shuleni na nyumba niliyokuwa sijamaliza kuijenga. Nililala na maneno yale, nikaamka nayo. Asubuhi nilivaa viatu vya chini, nikaenda kwa washindani.

Mapokezi waliniambia Meneja wa Mtandao hayupo. Nikaketi. Kesho yake waliniambia yuko mkutanoni. Nikaketi. Nilibeba gazeti, nikalisoma hadi matangazo ya mashamba yanayouzwa. Siku ya tatu msichana wa mapokezi alianza kuniletea chai, na siku hiyohiyo meneja alitoka mwenyewe, mtu mnene, mpole, akanisalimu kwa mikono miwili.

"Madam, nimeambiwa unataka tuunganishe waya pale kituoni."

"Ndiyo. Naomba muurudishe."

"Tuurudishe?" Akacheka kidogo, bila ubaya. "Nani alikuambia sisi ndio tuliuchomoa?"

Alinipeleka ofisini kwake, akanionyesha nakala ya kitabu cha kituo, ambamo kila anayeunganisha au kuchomoa waya huandika jina lake. Waya kati ya kampuni zetu uliwahi kuwapo. Ulichomolewa upande wetu. Jina lililoandikwa lilikuwa la Injinia Mkuu, kwa ule mwandiko wake wa herufi zilizosimama wima kama walinzi.

"Alisema tunampelekea mizigo mingi ya ujumbe wa wateja wetu kuliko anayotuletea," meneja akasema. "Labda ilikuwa kweli. Lakini hakutuita tuongee. Sisi tuko tayari hata leo."

Nilitembea hadi Westlands. Nilihitaji kutembea. Mtu yule alinifundisha kila nilichojua. Alinipandisha juu ya paa akanionyesha umbali kwa macho yangu mwenyewe, na ndiye aliyetusukuma mbali na majirani zetu.

Nilimkuta ofisini. Sikuketi.

"Nimekwenda," nikasema. "Na nimeona kitabu."

Hakunifukuza. Alifungua tai yake kidogo, mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo.

"Walikuwa wanatutumia kama punda," akasema. "Nilitaka wajue."

"Hawakuumia, bwana. Wanaoumia ni wagonjwa."

Nikamsimulia habari za fundi wa viatu: hakufa kwa ajili ya waya, ila ubao ulikuwa mzito vilevile hata sasa. Sikumpambia. Nilimwambia gari la nne, nilimwambia viti vitatu kanisani. Kisha nikamwomba jambo moja: kabla hajanipa barua ya kufukuzwa, aje Muthangari aketi asubuhi moja tu.

"Saa ngapi wanaanza?" akauliza.

Alikuja saa mbili kamili. Akinyi hakujua ni nani, wala hakujali. Alimsogezea kiti kwa mguu kama alivyonifanyia mimi. "Keti hapa, mzee. Usiguse redio." Injinia Mkuu aliketi, magoti yakigonga meza. Simu ya kwanza ilikuwa ya mtoto aliyeungua kwa chai. Akinyi akabonyeza. Nilimwona Injinia Mkuu akihesabu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Simu ya pili alikuwa mama mjamzito. Alihesabu tena. Akinyi alikuwa anamwambia yule mama, "Ngoja kidogo, mpenzi, ngoja tu kidogo, bado inafunguka." Kabla ya simu ya tatu Injinia Mkuu alisimama, akachukua koti lake.

"Twende," akaniambia.

Tulikwenda kituo cha kubadilishana. Nilimpigia yule meneja wa washindani, akaja. Wanaume wale wawili walisalimiana kwa vichwa tu. Kisha Injinia Mkuu akapiga magoti kwenye sakafu, tai ikining'inia, akautafuta mwisho wa waya nyuma ya kabati, akaupangusa kwa kitambaa, akauchomeka. Meneja akauchomeka upande wake. Wakaandika majina yao kitabuni, wote wawili. Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko kumenya chungwa. Kupanga njia kwenye mitambo kulitumalizia mchana.

Asubuhi iliyofuata nilifuata nyayo tena. Muthangari, katikati ya mji, Westlands. Mistari mitatu. Sikuamini, nikarudia. Mwito ulienda na kurudi kwa milisekunde tano, yaani sehemu tano tu ukiigawa sekunde moja mara elfu. Akinyi alibonyeza ubao, akabaki ameinua kidole hewani.

"Imefunguka?" akauliza.

"Imefunguka."

"Mbona sijamaliza kubonyeza?" Akabonyeza tena, na tena, na tena, akicheka, kisha akaacha kucheka, akajifuta macho kwa kiganja. "Ni hivi tu ilikuwa inatakikana?" akasema. "Ni hivi tu?"

Nilirudi Kitisuru kama nilivyoahidi, nikamweleza Mama Mkurugenzi yote isipokuwa nani alichomoa waya. Injinia Mkuu alikuwa ameomba kuja nami. Mama Mkurugenzi alipouliza, "Na kwa nini waya haukuwapo?" alijibu kabla sijafungua mdomo: "Niliuchomoa mimi, Mama. Kwa kiburi." Mama Mkurugenzi akamimina chai ya mtu wa tatu.

Stima ilikatika Westlands mwezi uleule, na betri zikashika, na jenereta ikakohoa kabla ya kuwaka. Mara moja yote yalishindwa, na nakala ya Amerika ikachukua zamu hadi alasiri. Akinyi alinipigia simu siku hiyo kunisuta kwamba amerudi kuhesabu hadi kumi. Nilifurahi kusutwa. Ubao mwepesi ulikuwa umekwisha kuwa jambo la kawaida kwake.

Injinia Mkuu alistaafu kabla yangu, na kiti chake nikakirithi. Nilikikalia hadi miaka ilipotimia, na sikuwahi kumruhusu mtu achomoe waya wa jirani bila kwanza kwenda kwa jirani huyo kuongea naye. Vijana wangu waliniona mkali. Walikuwa sahihi.

Sasa nakaa Waithaka, nina mboga zangu na wapangaji wawili. Watu hunitembelea na maswali, nami hupenda maswali. Mwezi uliopita alikuja injinia mmoja kijana, Mwende, ambaye shirika la magari ya wagonjwa limemwajiri. Ni msichana makini, mwenye sauti ya chini. Kamati imemwomba aandike pendekezo la kuhamishia ubao kwenye kile wanachokiita wingu, yaani seva za kukodi za makampuni makubwa ya ng'ambo, na alitaka nilisome kabla hajalipeleka.

"Si kama seva za zamani, Mama," akasema. "Hii haina mahali. Iko kila pahali."

Nilimwambia mimi si adui wa mambo mapya. Hayo mawingu yamejengwa vizuri kuliko chumba changu cha Westlands, na stima yao haikohoi. Nilimuuliza tu swali moja: wingu hilo liko mji gani?

Akafungua mdomo, akaufunga. Akatoa kompyuta yake, akaiweka mezani kati ya vikombe, akapiga ping. Kisha, bila kuambiwa, akafuata nyayo, na majina ya mashine yakaanza kushuka kwenye kioo, moja chini ya jingine. Tuliyasoma pamoja. Sikumsaidia. Alipofika la mwisho aliegemea kiti, akalitazama pendekezo lake ambalo tayari lilikuwa limepigwa chapa na kubanwa pini.

"Naomba kalamu, Mama," akasema.

Kwenye ukurasa wa pili palikuwa na mstari ulioandikwa: *Mahali: wingu.* Akaukata. Juu yake akaandika jina la mji aliouona kwenye kioo, mji wenye theluji, na mbele ya jina hilo akaandika muda wa kwenda na kurudi. Akafikiri kidogo. Kisha chini yake, kwa herufi kubwa ili kamati isipite bila kuona, akaandika: KWA NINI HUKO?